Kilichompausha Shangwi

Sebuleni kwa Bi Rehani palikuwa na tangi la kioo, na ndani yake waliishi samaki wa rangi za upinde wa mvua. Mdogo wao, Shangwi, rangi zilikuwa ndiyo kwanza zinamkolea, samawati ubavuni na nyekundu mapezini, na hakuchoka kujitembeza.

"Punguza maringo, mwanangu," Konokono akamwambia kutoka chini. "Ule wavu wa Bi Rehani huchukua wanaong'aa."

Moyo ukamlipuka Shangwi. Tangu hapo akawa wa kujibanza nyuma ya jiwe. Chakula kilipomwagwa hakutoka. Kila kivuli kilichopita juu ya maji alikiona ni wavu, na kwa hofu hiyo rangi zikamtoka zote, akabaki kama jivu.

Bi Rehani akainama kutazama. "Baba Mwaka, njoo umwone huyu. Amepauka, na hata chakula hagusi. Atawaambukiza wenzake."

"Basi mtoe upesi," mumewe akajibu.

Wavu ukazama, ukamziba Shangwi njia.

"Konokono!" akalia. "Si ulisema huchukua wanaong'aa? Uliwaona kwa macho yako?"

"Nimwone nani, mwanangu? Mimi kutwa nalamba utelezi huku chini, juu sijawahi kutazama. Nilisikia tu."

Shangwi akatolewa, mkia ukipigapiga hewani. Wenzake wakaingiwa na hofu, wakajazana nyuma ya lile jiwe, na mmoja baada ya mwingine rangi zikaanza kuwatoka.

Bi Rehani alikuwa bado hajauweka wavu chini.