Bamba la Theluji

Matundu ya bamba la kusukumia theluji hayakulingana na yale ya trekta kuukuu ya bustani. Mbarouk, mtunza bustani wa nyumba ya wazee huko Croydon, alipiga magoti kwenye barafu akatoboa mengine kwa drili. Wahudumu wa ambulensi walikuwa wamepanda kilima kwa miguu, lakini gari lao lilikwama chini, na mama yake, aliyekuwa akiishi humo, alihitaji kufikishwa hospitali upesi.

Bolti ya mwisho ilimchuna kidole hadi nyama. Aliikaza vivyo hivyo, akawasha injini.

Muuguzi, Mpemba mwenzake, alitoka nje bila koti.

"Zima, kaka."

"Nimeshamaliza. Naifungua njia sasa hivi."

"Wameshamfunika uso."

Mbarouk alilitazama bamba. Kisha akalishusha, akaanza kusukuma theluji kuelekea langoni.