Upande wa Pili wa Ukuta

Mama Keki alizima mashine ya kuchanganyia unga, akatega sikio. Kule ukutani sauti ilikuwa imenyamaza. Akasubiri, mwiko mkononi. Baada ya muda mfupi yule mwanamume akasafisha koo na kuendelea kusoma pale pale alipoishia.

"Afadhali," Mama Keki alinong'ona, akamimina mchanganyiko kwenye trei.

Miezi mitano sasa, kila jioni saa moja, jirani yule alikuwa akimsomea mkewe kitabu. Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba, ila mlango wa jirani ulikuwa kwenye ngazi za upande wa pili wa jengo, kwa hiyo hawakuwahi kuonana hata siku moja. Mama Keki alijua sauti tu, nzito na isiyo na haraka. Alijua pia kwamba mke hasikii vizuri, maana bwana alisoma kwa sauti kubwa kama anayehutubia mkutano. Kila mwisho wa sura alisema, "Haya, tuishie hapo. Lala salama." Mke hakujibu, au alijibu kwa sauti ndogo isiyopenya ukuta. Aliyejibu ni Mama Keki, kimoyomoyo.

Alimwonea wivu mwanamke yule, hakuna haja ya kuficha. Yeye mwenyewe zamani alikuwa mlevi wa vitabu, kabla mtoto wa jicho hajazifunika herufi zote kwa ukungu. Sasa macho yalimtosha kupima unga na sukari, basi. Alioka keki za kuzaliwa za watoto asiowajua na za harusi ambazo hakualikwa. Wateja walipokea boksi mlangoni, wakasema asante, wakashuka ngazi mbio. Hata jina lake halisi hawakulijua.

Kitabu cha safari hii kilikuwa cha mpeleka barua aliyekuta barua iliyosahaulika miaka thelathini nyuma ya kabati la posta, akaapa kuifikisha kwa mwenyewe. Siku moja mpeleka barua alikimbizwa na bata mzinga, na Mama Keki akaangua kicheko mpaka akashika meza. Sauti ukutani ikakatika ghafla. Alijiziba mdomo, aibu ikamjaa. Mtu mzima na mvi zake, kutegea sikio mambo ya mke na mume! Lakini sauti ilirudi, tena ikakisoma kipande kile cha bata mara ya pili.

Zikiwa zimebaki sura mbili, binti yake akampigia simu. Alikuwa amekodi nyumba ufukweni kwa wiki moja, na hakutaka kusikia visingizio.

Bahari ilikuwa nzuri. Wajukuu walimzika bibi yao miguu mchangani, kisha wakamwona muuza aiskrimu na kusahau kumfukua. Mama Keki alibaki pale pale, akiwaza leo mpeleka barua amegonga mlango gani. Mke wa jirani angejua mwisho wa hadithi, yeye asingeujua tena. Jioni binti yake akaja kukaa karibu naye.

"Mama, hamia kwetu. Chumba kipo."

"Nina wateja wangu."

"Wateja hawakai na wewe. Ukianguka kule jikoni nani atajua? Nitajie mtu mmoja tu."

Alimtafuta huyo mtu kichwani. Alipita kwa wateja, kwa muuza mayai, kwa mlinzi wa getini, akarudi mikono mitupu.

"Nitakujibu Jumapili," alisema. Jibu alikuwa analijua tayari, na moyo ulimuuma.

Jumamosi alirudi nyumbani. Mlinzi alipomwona getini aliruka kutoka kwenye kiti.

"Mama Keki! Kumbe mzima!"

"Ulitaka niwe nimekufa? Nilikuwa ufukweni, baba."

"Na hukuaga," mlinzi alisema kwa lawama. Akatoa simu mfukoni upesi na kuanza kutafuta namba. Mama Keki akamwacha na simu yake, akapanda ngazi.

Saa moja jioni alivuta kigoda mpaka ukutani. "Sura ya ishirini na moja," sauti ikasema. Alishtuka. Ndiyo sura iliyokuwa inafuata siku alipoondoka, hakuna hata ukurasa mmoja uliompita. Bila shaka wale wawili nao walikuwa wamekwenda likizo. Sauti ilitetemeka kidogo mwanzoni, pengine ni mafua.

Jumapili asubuhi alioka keki ya limau ambayo hakuna mtu aliyeiagiza. Ilikuwa ya kuaga. Alitaka kumshukuru yule bwana, amwone na huyo mke mwenye bahati walau mara moja, na kama uso ungemruhusu, aombe kukaa pembeni sura ya mwisho itakaposomwa. Halafu angempigia binti yake amwambie aje na gari la kubebea vitu.

Alilizunguka jengo, akapanda ngazi za watu, akapiga hodi. Mzee mwembamba alifungua, shati limepigwa pasi, miwani imepandishwa kwenye paji la uso.

"Mimi ni jirani yenu wa ukuta wa jikoni," Mama Keki alisema, ameitanguliza keki mbele. "Nahama, nimekuja kuaga. Hii nimemletea mama."

"Mama yupi?"

"Mkeo. Unayemsomea jioni."

Mzee akasogea kando ili Mama Keki aone ndani. Pale jikoni palikuwa na kikombe kimoja, sahani moja, na kiti kimoja kilichogeuzwa kuelekea ukutani, kitabu kikiwa juu yake.

"Siku saba hukucheka, hukuwasha hata mashine," mzee alisema. "Kama jana usingerudi, tungeuvunja mlango wako."