Mwandiko wa Mkwe

Filemoni aliisoma barua ya posa mara ya tatu, sauti ikizidi kupanda, mpaka mshenga akaanza kusinzia kwenye kochi.

"Sikilizeni mwandiko huu!" alisema, utadhani mwandiko husikika. "Herufi zimenyooka kama mistari ya chai shambani. Huyu kijana ni msomi!"

Pale Igowole hakuna aliyejua thamani ya kusoma kama Filemoni, ndiyo maana hakutaka elimu hiyo ienee ovyo. Nyumbani kwake msomaji alikuwa mmoja tu, yeye. Ujumbe ukiingia kwenye simu ya mkewe, aliusoma yeye, kisha akaamua mama wa watu asikie kipi. Binti yake Frida alimtoa shule darasa la tatu, na sababu aliitangaza mpaka kanisani: "Mtoto wa kike akijua kuandika, ataandikia wanaume." Busara hiyo jamani! Frida akakulia kwenye jembe, salama kabisa. Alitoka jioni tu, kwenda mazoezi ya kwaya. Miaka miwili ya kwaya, na hakuna aliyewahi kumsikia akiimba.

Sasa tunda la malezi hayo lilikuwa limekaa mbele yake: Anord, shati jeupe, kalamu mfukoni.

"Mzee," Anord alianza, "kabla hujajibu, naomba niseme kitu..."

"Tulia, mkwe! Ninyi wasomi mna haraka. Jibu langu ni ndiyo, na nikishasema sirudi nyuma." Akampa mkono, mshenga akishuhudia. "Binti yangu ameshasahau hata a, lakini si neno. Wewe utamsomea."

Frida, aliyekuwa akiweka ugali mezani, aliinamisha uso. Filemoni akafurahi kuona haya ya binti aliyelelewa vizuri.

Alitoa Biblia kabatini. "Haya, kabla ya kula, mkwe atusomee neno. Leo nami nisomewe."

Anord aliipokea kwa mikono miwili. Akaifungua, akaifunga, jasho likamtoka na baridi yote ile ya Mufindi. Kisha akainuka, akampelekea Frida.

"Nisamehe, mzee. Mimi ndiyo kwanza nimefika kwenye silabi, na mwalimu wangu ni huyu, kila jioni ya kwaya. Hata hiyo barua, mimi niliibeba tu."

Frida alifuta mikono kwenye kitenge, akafungua Biblia.

"Baba, nikusomee wapi?"