Shigeo na Mchezo wa Saba

"Mama, Baba umemfungia?" binti yangu aliniuliza kwenye simu kutoka Sapporo.

"Nimemfungia."

"Asije akachungulia huyo!"

Tulicheka. Kwa miaka thelathini na moja, kila timu yetu ya besiboli ilipofika fainali, mume wangu Shigeo tulimfukuzia koridoni na bia yake. Akitazama tu, tunapigwa. Mwaka huu amebaki picha ndani ya kijikabati cha kuombea marehemu, nami nilikifunga milango kabla mchezo wa saba, wa kuamua ubingwa, haujaanza.

Tulikuwa tunaongoza. Ilibaki kumtoa mpigaji mmoja tu. Akaupiga mpira, ukapaa, ukavuka uzio, ukatua kwa mashabiki wao.

Mchezo ukaishia hapo, na ubingwa ukawa wao.

"Mama," binti yangu akasema, "basi sisi tulikuwa..."

"Kalale, mwanangu."

Nilitoka koridoni. Kwenye ubao wa sakafu, pale alipokuwa akiweka chupa, pamebaki alama ya duara. Nimeisugua mara ngapi, haitoki.

Nikarudi, nikamtoa Shigeo kabatini, nikamkalisha kwenye mto wa kando yangu.

"Kumbe hukuwa wewe," nikamwambia, nikaurudisha mchezo mwanzo kwenye televisheni.