Njia ya Kurudi

Mwanahija aliingia nyumbani na boksi la keki huku bado anapiga vigelegele. "Shekue, mume wangu, mifumo ya shirika zima imehamia winguni, kule mtandaoni! Programu imekamilisha hatua zote yenyewe, mishahara, mafaili, barua pepe, na hakuna mteja hata mmoja aliyekatiwa huduma. Mwisho wakaniachia mimi nibonyeze hatua ile ya kufunga njia ya kurudi kwenye mitambo ya zamani. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe!"

"Mke wangu kiboko!" Shekue akacheka, akamnyanyua juujuu.

Enzi hizo ndoa nazo zilikwenda kwa programu ileile, hatua kwa hatua, kuanzia posa. Mwanahija akaifungua ya kwao kwenye skrini ya ukutani ili amwoneshe mfano. Hatua zote zilikuwa za kijani: mahari, nikahi, kuhamia, hata jina la mtoto aliye tumboni. Moja tu, ya chini kabisa, ilikuwa ya njano. *Kufunga njia ya kurudi. Mke ameidhinisha. Inasubiri mume.*

"Kumbe hii umeisahau! Ibonyeze basi, tusherehekee yote mawili kwa mpigo mmoja."

Shekue alikuwa ameshashika kisu. "Ngoja kwanza nikate keki," akasema, akaanza kuikata vipande vidogo vidogo, taratibu, kama mtu anayelisha ukumbi mzima.