Kesi ya Bi Mwanaidi

Katika nyumba ile ya wazee, muuguzi aligawa dawa kwa namba ya kitanda. Bi Mwanaidi alikuwa amebadilishana kitanda na jirani yake ili alale dirishani, aone njia wanayopita wageni. Hivyo akameza dawa ya kisukari ya mwenzake, ugonjwa ambao yeye nao hata salamu hawapeani. Akazimia mpaka alasiri.

Kesho yake akatokea bintiye Salama, ambaye hakuonekana miezi saba, na karatasi ya wakili na wino.

"Tunawashtaki, mama. Hawa wangekuua! Weka dole gumba hapa."

"Kesi itachukua muda gani?"

"Mwaka. Pengine miwili."

"Na wewe utakuwa unakuja?"

"Kila Jumamosi. Wakili atataka kujua hali yako."

"Na tukishinda?"

"Tukishinda si yamekwisha, mama?"

Bi Mwanaidi akaitazama njia ya wageni.

"Huyo wakili ni hodari?"

"Sana!"

"Hatufai. Tafuta mzembe."

Salama akacheka. Mama yake hakucheka. Akachovya dole gumba, akaligandamiza kwenye karatasi, kisha akaanza kuvichovya na vidole vingine, kimoja kimoja, taratibu.