Jasho Jekundu la Kiboko

Kiboko alikuwa akitoka jasho jekundu tangu azaliwe, wala hakuna aliyejali, mpaka Kanga alipohamia pale mtoni na mkoba wake wa uganga.

"Huyu anavuja damu!" Kanga alipiga kelele. "Mnyama mzima havuji."

"Lakini siumwi popote, mganga," alisema Kiboko.

"Mgonjwa hajijui."

Basi Kanga akampiga marufuku kuingia majini. Akaamuru akae juani, na kila tone likichomoza mgongoni lifutwe kwa majivu. Mke wa Kiboko akafuta kutwa huku analia. Baada ya siku chache wekundu ukakoma, ngozi ikapasuka, na Kiboko akashindwa hata kusimama.

"Amepona!" Kanga alitangaza.

Kiboko akafumbua jicho moja. "Mganga, nilipokuwa mgonjwa nilikula nikashiba na kucheza na wanangu. Sasa nimepona, naona kaburi. Tafadhali nirudishie ugonjwa wangu."

Mkewe hakungoja jibu. Alimsukuma kwa kichwa mpaka wote wawili wakatumbukia mtoni.

Haikupita wiki, Kiboko akapanda ukingoni kula nyasi, mgongo ukimetameta matone mekundu. Mkewe akapiga vigelegele. "Jamani, mume wangu mzima! Tazameni alivyo mwekundu!"

Kanga akanuna. "Mwenye afya hawi hivyo."

"Na hayo madoa yako, mganga? Si surua hiyo?" mke wa Kiboko akamuuliza.

"Haya?" Kanga akajitazama. "Haya nimezaliwa nayo!"

"Mgonjwa hajijui," alisema mke wa Kiboko huku akicheka, akachota majivu.